Kupiga picha ya hadithi kwa mtindo wa studio za zamani za Pwani, na kuipaka rangi kwa mkono

Picha ya zamani haikuwa ya zamani siku ilipopigwa. Mtu aliyetoka studio Mombasa mwaka 1955 alitoka na karatasi safi, haina mkunjo wala doa, na kama aliagiza ipakwe rangi, lile waridi la mashavuni lilikuwa bado bichi. Kwa hiyo ukitaka mtindo huu, achana kabisa na vichujio vya simu vinavyomwaga mikwaruzo, vumbi na kingo zilizoungua. Vinaiga uzee wa karatasi, na uzee wa karatasi si kazi ya mpiga picha.

Mifano tunayo hapa hapa. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mombasa, N. V. Parekh alikuwa na studio yake tangu miaka ya 1940, wateja wakija na kujipanga mbele ya kamera kama nyota wa filamu za Kihindi. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyejifundisha kazi mwenyewe, fundi wa kuunganisha picha mbili tatu zikawa moja. Zitafute picha zao uzitazame polepole kabla hujagusa kamera. Utaona mara nyingi mtu anaonyeshwa mzima, kichwa hadi nyayo. Mikono haifichwi. Kuna kitu kimoja, redio, ua, saa ya mkononi, kimewekwa kwa makusudi ili kiseme jambo. Na hakuna anayecheka ovyo.

Hapa nitafuata picha moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ya Mombasa miaka ya 1950. Wewe utabadilisha upendavyo.

Hatua ya 1: Pata dakika moja ya hadithi

Hadithi nzima haiingii kwenye picha. Inaingia dakika moja, na dakika nzuri ni ile ambayo jambo limeanza lakini halijaisha. Harusi yenyewe si dakika nzuri, maana kila kitu kimeshajulikana. Bibi harusi aliyevaa kiatu kimoja, cha pili bado kiko mkononi, hapo pana swali.

Wazo langu la kwanza lilikuwa mwanamke anayesoma barua ya mumewe aliye Adeni, anafanya kazi bandarini. Kabla ya kupanga chochote, nikaenda kwa bibi mmoja mtaani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamweleza: mwanamke kapata barua, yuko sebuleni, anasoma.

"Sebuleni? Barua ya mume?" Akacheka mpaka akashika ubavu. "Wifi apite, mjomba apite, wewe wasoma tu? Ile huingia nayo ndani ukafunga mlango. Tena wengi hatukujua kusoma. Ulikuwa wamngoja mtoto atoke skuli akusomee. Na mtoto naye ana haya, akifika pale penye maneno ya watu wazima huruka."

Basi hadithi ikapatikana hapo: mtoto wa shule amesimama na barua, amenyamaza katikati ya sentensi, na mwanamke anamtazama mdomo. Huwezi kuipata dakika kama hiyo kwa kukaa na kalamu peke yako. Nenda kwa mzee, mwambie unachotaka kupiga, umwache akukosoe.

Andika dakika yako kwa sentensi moja: "Mtoto ameruka neno, na mama amejua." Ikikushinda kuisema kwa sentensi moja, bado hujaipata.

Hatua ya 2: Vitu vya kuweka

Vichache. Kwa picha hii vinatosha kiti cha mbao chenye mgongo, meza ndogo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, barua, na bahasha ya ndege yenye ukingo wa nyekundu na bluu. Bahasha ilale mgongo juu ili usilazimike kutafuta stempu ya Adeni. Mwanamke avae gauni la pamba, leso moja mabegani, na miguuni makubadhi. Mtoto avae shati jeupe na kaptura ya kaki, begani mfuko wa kitambaa. Mtoto akiwa si wako, zungumza na wazazi wake kwanza, waambie picha itaonekana wapi.

Leso yaweza kuwa na jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kwa herufi za Kirumi, kwa mwaka 1955 halina tatizo. Ukitaka hadithi ya miaka mingi nyuma zaidi, tafuta yenye maandishi ya Kiarabu au isiyo na maandishi kabisa. Jina lenyewe lisome vizuri kabla hujalipa. Leso ya kumpongeza mtu kwa kuhitimu chuo itakuharibia kazi yote.

Halafu kagua mambo ya leo yanayojipenyeza: swichi ya umeme ya kisasa ukutani, kope za kubandika, kucha za bandia, zipu ya plastiki, alama ya mkanda wa saa kwenye mkono wa mtoto. Nyusi zilizonyolewa zikachorwa upya ndizo mbaya kuliko vyote, kwa sababu hazifichiki.

Hatua ya 3: Tazama nguo kwa kijivu

Wengi huruka hatua hii, kisha hushangaa mbona rangi hazishiki. Picha ya kupakwa kwa mkono huanza ikiwa nyeusi na nyeupe. Rangi inayopakwa juu ni nyembamba, inapitisha mwanga, na kijivu cha chini huonekana kupitia humo. Upole wa rangi hizi hutoka hapo. Maana yake ni kwamba kijivu kikiwa kizito mno rangi haina pa kukaa. Sehemu nyeusi haipokei kitu, inabaki nyeusi.

Chukua kisutu, ile leso ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi. Kwa macho inawaka. Weka kamera ya simu kwenye nyeusi na nyeupe, uitazame tena: mara nyingi nyekundu imezama karibu na nyeusi, yamebaki madoadoa meupe tu. Ukijaribu kurudisha wekundu juu yake utapata kahawia chafu. Dawa yake iko hatua ya 6, lakini ni lazima ulione tatizo mapema.

Fanya jaribio hilo kwa kila kitu, vyote vikiwa pamoja mahali pamoja. Unachotafuta ni ngazi tatu zinazotofautiana: ngozi, nguo, na ukuta wa nyuma. Gauni la kijani na leso ya nyekundu vyaweza kuwa kijivu kile kile kabisa, mwili wa mtu ukageuka bonge moja. Gauni la rangi hafifu, la samawati au maziwa, hupokea rangi vizuri kuliko la rangi nzito. Na kwa kuwa utalipaka mwenyewe, rangi yake halisi haina umuhimu wowote. Gauni la manjano laweza kutoka picha likiwa la urujuani.

Hatua ya 4: Pazia la nyuma

Nunua marikani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kiasi cha kushona pazia la mita 3 kwa 2.5. Lifue kwanza ili lisije likapungua baadaye. Litandaze chini, changanya rangi ya maji nyeupe na tone la nyeusi, ongeza maji hadi iwe kama uji mwepesi, upake kwa sponji. Katikati pawe na mwanga zaidi, pembeni pawe na giza kidogo. Ukiweza kuchora, weka kivuli cha ukuta mfupi wa nguzo na minazi miwili, bila kukamilisha mistari. Mapazia ya studio yalichorwa kwa ukungu makusudi, ili jicho lisiache mtu likaenda kwenye mnazi.

Usipotaka kazi hiyo, ukuta wa chokaa uliochakaa unatosha. Shuka la dukani lenye mikunjo ya pasi halitoshi.

Tandika mkeka au zulia dogo chini, lifike hadi kwenye pazia, kwa sababu miguu itaonekana.

Hatua ya 5: Mwanga, na kuwapanga watu

Dirisha moja kubwa, au baraza yenye kivuli, ndiyo studio yako. Huku kwetu jua la mchana hukaa juu ya kichwa na kutia giza machoni, basi piga asubuhi kabla ya saa nne au alasiri baada ya saa kumi, na jua lenyewe lisimpige mtu moja kwa moja. Dirisha liwe upande mmoja wa watu, mbele kidogo. Upande wa pili simamisha shuka jeupe, mita moja hivi kutoka kwao, lirudishe mwanga kwenye vivuli. Kumbuka: kivuli kizito hakipokei rangi. Unataka mwanga laini kuliko ule ambao ungeupenda kwa picha ya kawaida ya nyeusi na nyeupe. Picha ambayo kabla ya kupakwa inaonekana imepooza kidogo, hiyo ndiyo inayokuja kupendeza.

Watu wawe mita 1.5 mbele ya pazia. Kamera iwe juu ya stendi, urefu wa kifua cha mtu aliyekaa, umbali wa mita 3. Kwa lenzi ya milimita 50, mtu aliyeketi ataingia mzima na nafasi itabaki. Anza na tundu la lenzi f/5.6, kasi ya shata 1/60 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 400, kisha urekebishe. Kwa simu, usitumie lenzi pana. Weka zumu ya mara 2 na urudi nyuma. Lenzi pana hukuza magoti na kupunguza kichwa, na kamera za studio hazikuwa na tabia hiyo.

Sasa watu wenyewe. Usimwambie mtu "huzunika" au "fanya kama unawaza." Atakunja uso kama mwigizaji wa tamthilia. Mpe jambo la kufanya. Mtoto nilimwandikia barua ya kweli, mistari kama kumi, na katikati nikaweka sentensi ambayo mtoto wa miaka tisa haisomi mbele ya mtu mzima. Sikumwambia iko wapi. Mwanamke nilimwambia kitu kimoja tu: "Msikilize, akinyamaza usimuulize." Kisha nikangoja nyuma ya kamera. Mtoto akasoma, akafika, akameza mate, macho yakaruka mstari. Hapo ndipo pa kubonyeza.

Mtaipata mara moja tu. Ukirudia, mtoto anajua na atakuwa anaigiza, kwa hiyo pima mwanga na hakikisha kamera imelenga machoni kabla hajaanza kusoma. Mikono yote minne ionekane. Ukingo wa bahasha uelekee kamera. Nyayo zisikatwe na ukingo.

Hatua ya 6: Kuondoa rangi

Usibonyeze tu kitufe cha nyeusi na nyeupe. Tumia programu inayokuruhusu kuamua kila rangi iwe kijivu gani. Lightroom na Photoshop zinafanya hivyo, na GIMP, ambayo ni ya bure, ina kichanganyishi cha chaneli (Channel Mixer).

Hapa mwaka wa hadithi yako una kazi. Filamu nyingi za mwanzo wa karne ya 20 hazikuona nyekundu: midomo na nguo nyekundu zilitoka nyeusi, anga la bluu likatoka jeupe. Ukiiga mtindo huo utashusha nyekundu na kupandisha bluu. Lakini tahadhari. Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde ina nyekundu na chungwa kwa wingi, na ukishusha nyekundu sura za watu zinashuka nayo, unabaki na macho na meno. Kwa hadithi za miaka ya 1950 hulazimiki kufanya hivyo, maana filamu zinazoona rangi zote zilikuwa za kawaida.

Kwa picha yetu fanya kinyume: pandisha nyekundu na chungwa kidogo. Ngozi inapata nuru, na kile kisutu kilichozama kinafunguka, nyekundu ikawa kijivu cha kati ilhali nyeusi yake inabaki palepale. Mambo mawili kwa mkupuo mmoja.

Kisha inua weusi kidogo usiwe mweusi wa wino, na ushushe weupe wa shati usiungue. Mwisho tia joto jembamba la kahawia juu ya picha nzima. Kidogo sana. Ukiiona kahawia waziwazi, umezidisha.

Hatua ya 7: Chagua rangi kabla ya kupaka

Rangi tano zinatosha, ukiacha ngozi. Mimi nilichukua hizi: gauni samawati iliyopauka, leso damu ya mzee, kitambaa cha meza rangi ya maziwa, kaptura ugoro, pazia kijani cha majivu kisichoonekana vizuri. Shati la mtoto halikupakwa chochote, na ni vizuri kila mara kuacha kitu kimoja bila rangi, ili jicho lijue pa kuanzia.

Halafu kuna kitu kimoja kinachoruhusiwa kuwa na rangi kali kuliko vingine, na kiwe kile kinachobeba hadithi. Hapa ni ukingo wa bahasha. Ukitia ukali huo huo kwenye leso, hakuna atakayeiona bahasha.

Hatua ya 8: Kupaka kwa kompyuta au simu

Fungua tabaka jipya (layer) kwa kila kitu: ngozi, mashavu na midomo, gauni, leso, na kadhalika. Kwenye GIMP au Photoshop, na hata ibisPaint ya simu, liweke tabaka katika hali iliyoandikwa Color, ili lilete rangi bila kugusa kijivu cha chini. Paka kwa brashi laini, kisha punguza nguvu ya tabaka: ngozi karibu asilimia 25, nguo 35 hadi 40, ukingo wa bahasha 60. Hizo ni za kuanzia. Jicho lako lina uamuzi wa mwisho.

Fundi wa mkono hakuwa na mkasi wa kompyuta. Rangi yake ilivuka mstari kidogo hapa, ikapungukiwa kidogo pale. Usifuate ukingo wa nguo kwa usahihi wa mashine. Lainisha kingo za kila tabaka, na uache mkunjo mzito wa nguo bila rangi. Ukifuta rangi kwenye vivuli, picha inabadilika mbele ya macho yako, inaacha kuonekana kazi ya programu.

Mashavu yanahitaji subira. Lile waridi jepesi la kopo likiwekwa juu ya ngozi ya maji ya kunde hukaa juu kama poda. Tumia shaba, au damu ya mzee iliyopunguzwa mno, na uitandaze pana kuliko unavyodhani. Midomo rangi ileile, nguvu zaidi kidogo. Weupe wa macho usiuguse.

Hatua ya 9: Kupaka kwenye karatasi

Hii naipenda zaidi, na gharama yake si kubwa. Chapisha ile nyeusi na nyeupe yenye joto kwenye karatasi isiyong'aa, sentimita 20 kwa 25, nakala tatu. Iwe nyeupe kidogo kuliko kawaida. Karatasi inayong'aa haishiki penseli, usipoteze pesa.

Kwanza pitisha kidole chenye maji kwenye kona ya nakala ya kwanza. Wino wa printa nyingi za nyumbani huyeyuka, na ukiyeyuka, sahau rangi za maji. Tumia penseli za rangi au chaki laini za wachoraji. Kwangua ncha kwa wembe upate unga kwenye sahani, uchovye pamba, upake kwa kuzungusha, safu juu ya safu. Anza na pazia na nguo, kisha ngozi, vitu vidogo mwisho. Pale ulipozidisha, gusa kwa ufutio laini. Vitu vyembamba kama ukingo wa bahasha na vipuli, tumia penseli yenyewe ikiwa imechongwa kali.

Mafundi wa zamani wengi walitumia mafuta ya rangi yaliyotengenezwa kwa ajili ya picha, na ya Marshall's ya Marekani ndiyo yaliyojulikana zaidi. Ukiyapata, yanataka karatasi ya chumba cha giza isiyong'aa. Unapaka, kisha unafuta kwa pamba safi mpaka udhani umeondoa yote. Kilichobaki ndiyo rangi yako. Yaache yakauke siku kadhaa mahali pasipo na vumbi, nakala ikiwa imelala.

Kazi ya chaki ipulizie dawa ya wachoraji ya kuzuia unga, nyembamba, mara mbili. Spreyi ya nywele usiikaribishe. Hifadhi nakala ndani ya bahasha ya karatasi, kwa maana plastiki hushika unyevu, na unyevu wa Pwani unajulikana.

Nyuma ya kila nakala andika kwamba ni picha ya kupangwa, mwaka uliopigwa, na waliomo kama wameridhia. Ukiiweka mtandaoni, andika hivyo kwenye maelezo pia, la sivyo baada ya wiki utaiona ikisambazwa kama picha halisi ya Mji wa Kale. Kwa karatasi tumia penseli laini, maana wino wa kalamu hupenya ukatokea mbele.